Kilo Mbili za Sukari na Mmea wa Herufi Tano

Kidokezo chenyewe kilikuwa na maneno manne tu: Mmea wenye utomvu mweupe. Mlalo, namba 7, herufi tano.

Nilikiandika Ijumaa usiku, umeme umekatika, simu inaomba chaji, mraba wote umeshajaa isipokuwa hako kamstari kamoja. Kwa miaka mitatu sasa, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, naweka chemshabongo kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu Muheza: walioko nyumbani, walioko Tanga mjini na Dar, mmoja yuko Muscat, na mwingine yuko Toronto, ambaye saa tatu yetu kwake ni saa saba au saa nane usiku na bado hujibu ndani ya dakika kumi. Sijui analala saa ngapi. Wa kwanza kupatia mraba mzima anapata kilo mbili za sukari dukani kwa binamu yangu. Aliye mbali humtaja mama au shangazi wa kumchukulia.

Jibu nililolitaka mimi lilikuwa MNYAA.

Saa nne haijafika nikawa nimeletewa MTINI. Kisha MVULE, kutoka kwa fundi seremala ambaye bila shaka aliona mbao kabla hajaona mti. Kisha MKUYU. Mwalimu mmoja wa sekondari akaleta MHOGO, akaongeza maelezo marefu kwamba anajua wapo wanaoandika muhogo, ila yeye hatabishana na mtu Jumamosi. Dada mmoja wa Pangani akasema MTUPA. Yule wa Toronto akasema MWASI, jina ambalo sikulisikia tangu nikiwa mdogo. Na karibu na adhuhuri ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mzee mmoja ambaye haandiki kamwe, hutuma sauti tu, na nyuma ya sauti yake lazima jogoo awike: "Mwanangu, namba saba ni mpira. Nimemaliza yote. Sukari yangu naifuata lini?"

Sasa chukua kisu uende ukahakikishe. Kata tawi la mtini, litatoka tone jeupe. Kwangua gome la mvule, jeupe. Mkuyu vilevile, kwa kuwa mkuyu na mtini ni ndugu wa karibu na mvule ni binamu yao. Menya muhogo mbichi uliotoka shambani asubuhi, utaona vitone vyeupe kwenye ganda. Mtupa na mwasi ni majina mengine ambayo watu wa pwani huupa mnyaa uleule wangu. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyekosea kuhusu mimea. Aliyekosea ni mimi.

Chemshabongo ya mraba ina sharti moja lisilosameheka. Kidokezo hata kikiwa kigumu namna gani, jibu liwe moja, na asiyelijua alifikie kwa kusaidiwa na herufi za maneno yanayokatiza kutoka juu. Mimi kwenye namba 7 nilikatiza mara mbili tu: herufi ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza M, ya mwisho A. Kwa M na A, mtini umetoka, mvule umetoka, mkuyu, mhogo na mwasi vimetoka. Wamebaki watatu: mnyaa, mtupa, mpira. Mtupa ni mnyaa kwa jina la Pangani, ningeweza kuumezea. Lakini mpira? Nilimjibu mzee kwa ukaidi ambao leo unanitia haya. Nikamwambia mpira ni kitu cha kuchezea, mimi nimeuliza mmea.

Kabla sijafika kwa mzee, niseme kidogo kuhusu lugha yetu na miraba, maana watu hudhani kutunga fumbo la maneno kwa Kiswahili ni kuchukua la Kiingereza na kubadili vidokezo. Thubutu. Kwanza maneno yetu karibu yote huishia irabu, kwa hiyo ukingo wa kulia na wa chini wa mraba wako utajaa a, e, i, o, u kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Pili, na hili ndilo lililonifunga, miti yetu yote imevaa sare. Ukishasema "mmea" au "mti", msomaji anaandika M kabla hajafikiri. Mpapai, mfenesi, mbungo, mnyaa: herufi ya kwanza ni zawadi, na herufi ya kwanza ndiyo ambayo mtungaji huitegemea kuliko zote. Nikikatiza hapo sijamsaidia mtu chochote, na sijamzuia.

Wajapani, nasikia raha kuwafikiria, hawaweki herufi ndani ya kisanduku, huweka silabi. Nimejaribu. Mshelisheli, ambao nao hutoa utomvu mweupe wa kunata, kwa herufi ni visanduku kumi na kimoja. Kwa silabi ni vitano: m, she, li, she, li. Unapendeza mno. Tatizo ni kwamba kundi zima lilinigomea. Walisema hawakununua simu za kisasa ili warudi kusoma ba-be-bi-bo-bu.

Njia nyingine ni kuuliza tunda badala ya mti, na hapo sare inavuka. Tini, kuyu, bungo, papai, fenesi. Fenesi nimeshalitumia mara nyingi, kwa sababu kidokezo chake kinajiandika chenyewe: "Kabla ya kulikata, paka mikono mafuta." Kila aliyewahi kukaa na sinia la fenesi anajua. Ule ulimbo ukikushika kati ya vidole, sabuni haifui dafu, unatafuta mafuta ya taa. Wavulana wa kwetu walikuwa wanauchemsha wenyewe, wanaupaka kwenye fito, wanangoja shorewanda atue. Papai nalo: mama wa Kitanga hachomi mishikaki ya nyama ya ng'ombe mzee bila kuisugua papai bichi, kwa maana ndani ya ule utomvu mna kimeng'enya kinacholainisha nyama, papeini, ambacho viwandani hukusanywa kwa kuchanjachanja ganda la papai likiwa bado mtini. Nyama ikikaa humo usiku kucha inageuka uji, kwa hiyo saa moja au mbili zinatosha. Hilo nimejifunza kwa aibu, mbele ya wakwe.

Na ukitaka kumfitini mtu, kuna mnyonyo. Jina lote linanyonyesha, eti, na mnyonyo uko ukoo mmoja na mnyaa, muhogo na mpira. Ukivunja jani lake hutoka majimaji tu. Maziwa hakuna. Niliwahi kuuweka kama mtego, watu kumi na wanne wakaingia.

Lakini kidokezo ninachojivunia ni kile cha herufi sita: "Viktoria, Tanganyika na Nyasa, pia ukimvunja mnyaa." Maziwa. Lugha nyingine ingeweza wapi? Kwetu neno moja linabeba ziwa la kuvulia samaki, ziwa la mama, maziwa ya chai na utomvu wa kwenye ua. Niliposhindana na mtu wa Toronto juu ya ubora wa Kiswahili kwa mafumbo, nilimtumia hicho tu, akanyamaza wiki nzima.

Mnyaa wenyewe niliujua kabla ya kujua kusoma. Nyumba ya bibi yangu ilizungukwa nao pande tatu. Upande wa nne ulikuwa mnazi mmoja na njia. Kwa asiyeujua: ni mti usio na majani ya kuonekana, vijiti vitupu vya kijani, vya mviringo, vinene kama penseli, vimeshikana kama vidole vya watu wengi wanaogombea kitu hewani. Mbuzi hauli. Ng'ombe hauli. Ukichomeka kijiti ardhini kinashika, hata ukikisahau. Ndiyo maana watu wanaufanya ua. Wamaasai nao waliuzungushia maboma yao, wakauita emanyara, na inaelezwa kwamba ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara, ambalo baadaye likapewa na mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwa hiyo tuna mkoa mzima wenye jina la ua. Wataalamu wanauita Euphorbia tirucalli. Neno la kwanza ni heshima kwa Euphorbus, tabibu wa mfalme Juba wa Pili wa Afrika Kaskazini ya kale. La pili ni jina la Kimalabari, la pwani ya Uhindi, ambako Wazungu waliuona na kuuandika. Mti umejaa kwetu, lakini jina lake la kitabuni lilipanda jahazi la kwenda ng'ambo.

Usiku, tukishakula, bibi alikuwa anatega. Ya kawaida tuliyamaliza haraka. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia mwibani: nanasi. Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni: njia. Angalia jinsi mtegaji anavyojimilikisha kila kitu. Kuku wangu, nyumba yangu, kamba yangu. Nilipokuwa mdogo niliamini bibi ni tajiri anayetuficha. Yakiisha ya kawaida, alianza kutunga ya kwake papo hapo, kwa kutazama tu kilichoangazwa na koroboi. Ndipo siku moja akasema:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina ng'ombe hana pembe wala mkia. Ukimvunja kidole anatoa maziwa, na maziwa yake hayanywewi."

Tulitaja nazi. Tulitaja mpapai, na mpapai kusema kweli ulifaa kiasi chake, bibi akasema hapana, mpapai una kidole gani? Kaka yangu akataja mtini, akaambiwa hapana bila sababu. Hii nayo ni sheria ya kitendawili ambayo watu hawaitaji: jibu ni mali ya mtegaji. Unaweza kuleta jibu lililonyooka kuliko la kwake, akitikisa kichwa umekosa. Mraba hauna jeuri hiyo, mraba unahukumiwa na visanduku vyake. Mwisho tukachoka, akasema nipeni mji. Tukampa Dar es Salaam. Bibi hakuwahi kufika Dar es Salaam. Akaanza: nilipofika Dar es Salaam nikapokewa kwa matarumbeta, nikalazwa kwenye kitanda cha chuma, nikala wali kwa kuku mpaka nikavimbiwa, watu wa Dar wakaniuliza, bibi, wajukuu zako ni wajinga namna hii? Nikawaambia ndiyo, wamezungukwa na mnyaa pande tatu na hawauoni.

Mimi jibu hilo nililikumbuka kwa sababu ya kilichonipata miezi michache kabla, nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa tunacheza baba na mama nyuma ya jiko. Mimi nikawa muuza maziwa. Nikavunja vijiti vya mnyaa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikitoa matone mawili matatu, meupe kama lami ya peponi, nikiyadondoshea kwenye kizibo cha soda. Nimeuza vizibo viwili. Cha tatu nikahisi jasho, nikajifuta uso kwa kiganja.

Maumivu yake sina mfano nao. Si pilipili, pilipili ina mwisho. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka barabarani. Bibi alinishika kichwa, akaniinamisha, akaanza kunimiminia maji ya mtungi kwenye jicho, kata baada ya kata, huku akinilaani na kuniombea dua kwa pumzi moja. Kisha akaitwa jirani aliyekuwa ananyonyesha. Akaja na mtoto mgongoni, akapiga magoti, akanikamulia maziwa yake ndani ya jicho. Ninayakumbuka yale maziwa: yalikuwa na uvuguvugu. Nilikaa siku tatu katika chumba chenye giza, jicho limefunga kama la kifaranga, kila mtu akijua nitabaki chongo. Halikufa. Zahanati walisema kilichoniokoa ni yale maji ya mtungi, jirani hadi leo anasema ni yeye, na mimi siingilii. Wewe ukikutwa nalo, maji, maji mengi, kisha hospitali.

Kwa hiyo nilipoandika "mmea wenye utomvu mweupe", akilini mwangu hapakuwa na mmea mwingine duniani. Mimea inayotoa utomvu wa namna hiyo inahesabiwa kuwa yapata spishi 20,000. Mimi nilikuwa na mmoja.

Huo weupe, kwa njia, si rangi. Ni sawa na ilivyo kwa maziwa yenyewe: matone madogo mno ya mafuta, nta na mpira yanaelea ndani ya maji na kutawanya mwanga. Mmea hauutumii kujilisha. Unautumia kupigana. Mdudu anapouma jani, utomvu unamfurika mdomoni na kuganda, na hapohapo kidonda cha mmea kinazibwa. Mmarekani Melvin Calvin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961, aliiangalia mimea ya ukoo wa mnyaa katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, akaona kisima cha petroli kilichosimama wima. Bado hatujajaza gari kwa mnyaa, lakini napenda kuwaza kwamba ua wa bibi yangu uliwahi kupigiwa hesabu huko California.

Turudi kwa mzee. Nilipomwambia mpira ni wa kuchezea, hakutuma sauti. Alipiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kesho njoo kwangu. Njoo kabla jua halijachoma, likishachoma hutaona kitu."

Anakaa nje kidogo ya mji, njia ya kupandia Amani. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, umande bado uko kwenye majani. Alinipitisha moja kwa moja nyuma ya jiko, hata maji ya kunywa sikupewa. Pale kulikuwa na miti miwili mirefu kiasi, gome linabanduka kama karatasi, majani yamegawanyika vidole vidole kama ya muhogo. Naijua miti hiyo. Wewe pia unaijua, kama umewahi kula kisamvu cha mpira, kile chenye majani ya kijani kilichokolea, kinachotwangwa na kuchemshwa muda mrefu kuliko kisamvu cha kawaida kisha kikatiwa tui na karanga. Nimekila maisha yangu yote, nimeshiba nacho, nikamwambia mtu kwa maandishi kwamba mpira si mmea.

"Huu nini?" akauliza.

"Mpira."

Akabandua kipande cha gome la juu, chembamba, akafikia ngozi ya kijani. Akatoa ndimu mfukoni, akaikata, akaisugua pale palipobanduliwa mpaka pakalowa. Halafu akachukua kisu kidogo chenye ncha na kuchomachoma, si kwa nguvu, vitobo kama kumi. Maziwa yakatoka. Kila kitobo kikatoa tone, tone likateremka shubiri moja, na lilipogusana na ile ndimu likaanza kupunguza mwendo, likafanya ukingo, likasimama. Tulingoja bila kuzungumza. Mkewe alitoka jikoni, akatutazama, akarudi.

"Na huu?"

"Utomvu."

"Wa nini?"

"Wa mpira, mzee."

Akaweka kidole gumba juu ya mchirizi wa kwanza na kuusukuma. Ukabanduka mzima, kama uzi mweupe wenye unyevu. Akauviringisha kwenye ncha ya kidole, akaenda kwenye wa pili, ukanasa juu ya wa kwanza, na wa tatu, na wa nne, akizungusha kama mtu anayekunja uzi wa kushonea, mpaka akawa na kitu cha ukubwa wa gololi, kinanuka uchachu. Akakibana kiganjani. Akaenda barazani, penye saruji, akakidundisha. Kiliruka mpaka usawa wa magoti, kikapinda, kikaingia chini ya kiti.

"Na huo?"

Sikujibu.

"Sasa mwambie mnyaa wako afanye hivyo."

Baba yake alimfundisha, na baba alifundishwa na baba yake, kwenye mashamba ya Mjerumani. Mpira huu ulitoka Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili. Kabla ya Vita vya Kwanza ulifunika mashamba mengi ya Tanga na mpaka Morogoro. Juu kule Amani, kwenye taasisi waliyoifungua mwaka 1902, Wajerumani walikuwa wakijaribisha mimea ya kila pembe ya dunia ili wajue upi utalipa. Huu ulilipa kwa muda mfupi. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia, wa mti mwingine unaotoa zaidi, uliangusha bei, na mingi ya huku ikaachwa au ikang'olewa kuupisha mkonge. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, nchi iliyokuwa na mashamba hayo ya Asia, Waingereza nao wakaikumbuka miti ya kale. Hapo ndipo baba wa huyu mzee aliposhika kisu, akiwa kijana. Leo Muheza ina shamba la mipira Kihuhwi, ya aina ile ya Asia, inayogemwa kwa kisu cha kupinda na kikombe kilichofungwa shinani. Mzee anaidharau kidogo. Anasema ile ni kazi ya kombe, hii ni kazi ya kidole.

Alfajiri ni lazima, alinieleza, kwa sababu usiku mti umejaa maji na utomvu unasukumwa kwa nguvu. Jua likipanda mti unanywea, unachoma vitobo hakitoki kitu.

Kabla ya mashamba kulikuwa na mipira ya msituni, ile ya kutambaa, jamaa ya mbungo. Sisi tunajua mbungo kwa juisi yake, ya manjano, chachu, inayouzwa kwa baridi Unguja na Pemba. Ndugu zetu wa Kongo walijua jamaa zake kwa namna nyingine. Kati ya mwaka 1885 na 1908, nchi yao ikiwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta kutoka msituni. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao watimize, na mikono ya watu ilikatwa. Nilipokuwa natafuta kidokezo kipya cha neno "mpira" niliandika "Hupigwa teke", nikafuta, nikaandika "Bomba la kumwagilia bustani", nikafuta. Neno lina maana nyingi mno kwa visanduku vitano. Mpira wa miguu, mpira wa maji, mpira unaovaliwa chumbani, mpira wa gari. Yote yametoka kwenye kile kitone kilichoteremka shubiri moja mbele ya macho yangu.

Mzee alinipa kiti hatimaye, na chai ya rangi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu, sikukatiza herufi ya katikati. Ningekatiza ya tatu tu, mnyaa una Y na mpira una I, ugomvi usingekuwepo. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya nchi nyingine.

"Basi na mimi nina kitendawili," akasema.

"Tega."

"Ng'ombe wangu hukamuliwa kwa kisu."

Nikacheka. "Mpira!"

"Siyo."

"Siyo? Mzee, umetoka kunionyesha sasa hivi."

"Siyo."

"Mpapai, basi. Unachanjwa kwa kisu."

"Siyo."

"Mfenesi. Mtini. Mnyaa."

"Mnyaa unavunjwa na mkono," akasema, akipuliza chai yake. "Wewe si ndiye unayeujua? Nipe mji."

"Nakupa Tanga."

"Tanga nilikuwa juzi. Nipe mji wa maana."

Nikampa Mombasa. Akaweka kikombe chini, akajiegemeza ukutani, akafumba macho kama bibi yangu alivyokuwa akifanya.

"Nilifika Mombasa. Watu wakanipokea vizuri sana, wakaniandalia mkeka mpya. Wakaniletea mkate wa mofa, wakaniletea samaki wa kupaka. Wakaniletea chai. Nikaonja. Haina sukari. Nikawauliza, jamani, Mombasa nzima hii, sukari hakuna? Wakaniambia, mzee, sukari ipo, kilo mbili, ila iko Muheza, kuna mtu ameikalia. Nikawaambia mtu huyo namfahamu, ni mtu mzuri, siku atakayoinuka juu yake nitamtegulia."

Akafumbua macho, akanisogezea sahani ya mihogo ya kuchemsha.